Waya Utokao Jinja Hadi Kwenye Bembea

Mazungumzo ya leo, hasa kwa askari wa jeshi na wa polisi walio kambini au lindoni, yanahusu waya. Si waya wa simu ya jeshi wala seng'enge ya kuzungushia boma, bali ule waya wa umeme upitao juu ya vichwa vya watu kutoka nguzo hadi nguzo, ambao kila mmoja huuona na ni wachache wanaoutazama.

Siku za sikukuu, iwe Krismasi, Pasaka au Idi, watoto wa Kampala hupelekwa kwenye viwanja vya burudani. Wako watokao katika nyumba za Nsambya, wakiwamo watoto wa askari polisi wenye kambi yao kubwa katika kilima hicho. Barabara ya Ggaba hupita hapo Nsambya, ikavuka Kabalagala na kufika Kansanga, ambako paliwahi kujulikana sana kwa bustani ya burudani iliyoitwa Didi's World, kisha ikateremka mpaka ziwani. Mtoto hupanda bembea ya kuzunguka, muziki hulia, taa za rangi huwaka na kuzimika. Mzazi hulipa na kusimama pembeni. Hakuna anayejiuliza bembea hiyo inazungushwa na nini. Jibu ni kwamba inazungushwa na maji ya mto Nile, yaliyo mbali kiasi cha kilomita 80, na kwamba nguvu ya maji hayo imesafiri hadi hapo kwa waya ulio wazi, usio na ganda lolote.

Historia ya waya huo ni ya vita na amani pamoja, na askari ana sehemu yake katika ncha zote mbili: katika ncha ya Jinja ambako umeme huzaliwa, na katika ncha ya uwanjani ambako watu hukusanyika.

Tuanze na kilima chenyewe. Nsambya ni miongoni mwa vilima ambavyo wageni walivikalia mapema. Mapadri wa Mill Hill waliofika Buganda mwaka 1895 walipewa mahali hapo wakaweka makao yao, na mwaka 1903 Mama Kevin na masista wenzake Wafransiska walianzisha huduma ya wagonjwa ambayo ndiyo chimbuko la Hospitali ya Nsambya. Reli ilifika Kampala mwaka 1931, na hatimaye watumishi wa reli wakapata nyumba zao upande huo, na polisi vile vile. Hivyo Nsambya ikawa mahali pa watu wanaoishi kwa zamu: wauguzi, madereva wa garimoshi, makuli wa bohari na askari. Watu wa zamu ndio wanaoijua thamani ya taa kuliko wengine, kwa kuwa wao huamka wakati wengine wanalala.

Lakini kwa muda mrefu taa hizo zilikuwa za mafuta. Katika miaka ya 1930 Kampuni ya East African Power and Lighting, iliyokuwa na makao yake Nairobi, ilipewa leseni ya kuuza umeme katika miji mikubwa ya Uganda. Umeme huo ulitoka kwenye mitambo midogo yenye kuhitaji kulishwa kuni au mafuta. Ulikuwa haba na wenye bei kubwa, nao uliwafikia maofisa, wafanyabiashara na majengo ya serikali. Kwa mtu wa kawaida mjini Kampala, umeme ulikuwa kitu cha kuonwa katika dirisha la mtu mwingine.

Na wakati huo wote maji ya Jinja yalikuwa yakianguka bure. Mwanasiasa wa Kiingereza Winston Churchill aliyatazama maporomoko ya Ripon mwaka 1907, alipokuwa naibu waziri wa makoloni, na katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata alieleza jinsi nguvu hiyo ingeweza kuendesha viwanda. Ilipita miaka 40 kabla ya neno hilo kuwa kazi. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, gavana Sir John Hall alimwita mhandisi Charles Westlake, naye akatoa taarifa yake mwaka 1947. Bodi ya Umeme ya Uganda ikaundwa mwaka 1948, Westlake akiwa mwenyekiti wake wa kwanza. Misri, ambayo uhai wake ni Nile, ilishauriwa. Kwa makubaliano ya mwaka 1949 bwawa liliinuliwa zaidi ya ilivyokusudiwa ili kuhifadhi maji katika ziwa Viktoria, na mhandisi wa Misri akawekwa Jinja kuangalia kiasi cha maji kinachopita. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alilifungua bwawa la Owen Falls. Lilikuwa na nafasi ya mashine 10, kila moja ya megawati 15, na ya kumi ilianza kufanya kazi mwaka 1968.

Hapo ndipo ulipozaliwa waya tunaouzungumzia. Umeme haufai kitu ukibaki mtoni. Palihitajika laini za kuupeleka Kampala, kisha magharibi hadi machimbo ya shaba ya Kilembe, na mashariki hadi Tororo. Mwaka 1958 ulianza kuuzwa Kenya pia, ukaenda mpaka Nairobi.

Pengine askari mmoja atauliza: kwa nini waya upitishwe hewani, mahali ambapo upepo, mti na mwizi vinaweza kuufikia, badala ya kufukiwa ardhini kama bomba la maji? Jibu la kwanza ni fedha. Waya wa ardhini lazima ufunikwe kwa matabaka ya kuzuia umeme, uchimbiwe handaki, na ukiharibika uchimbuliwe upya. Waya wa hewani hauhitaji ganda, kwa maana hewa yenyewe ndiyo ganda lake, na kinachouzuia usiguse nguzo ni vile vikombe vya kauri au kioo vinavyoonekana vikining'inia. Jibu la pili ni umbali. Umeme ukisafirishwa kwa nguvu ndogo ya msukumo, sehemu kubwa hupotea njiani kwa joto. Msukumo ukiongezwa mara 10, upotevu hushuka hadi sehemu moja ya mia. Ndiyo sababu umeme hutoka Jinja ukiwa na volti 132,000, hushushwa katika vituo vya Kampala, kama kile cha Lugogo, hadi volti 33,000 na 11,000, na mwisho kabisa transfoma ya mtaani huushusha hadi volti 240 zinazoingia nyumbani.

Ni vema mlinzi wa usalama azishike hesabu hizo, kwa kuwa watu wengi huamini kwamba waya wa juu umevikwa ganda kama ule wa pasi. Haukuvikwa. Waya wa volti 11,000 upitao juu ya barabara hauna nguo hata moja, na hauhitaji kuguswa ili kuua. Ukiusogelea na chuma kirefu, umeme huruka ile nafasi iliyobaki.

Katika jambo hilo lugha ya Waganda imesema kweli kuliko nyingine. Kiswahili kimeuita umeme kwa jina la mwanga wa radi. Ndugu zetu wa Kenya waliuita stima, neno waliloliazima kutoka kwenye mashine za mvuke. Lakini Waganda waliuita amasannyalaze, na jina hilo latokana na neno lenye maana ya kupooza viungo. Walioubatiza hivyo hawakuiangalia taa. Walimwangalia mtu aliyeugusa.

Tukirudi Nsambya, umeme wa Owen Falls haukugawiwa kwa usawa. Lengo la wakoloni lilikuwa viwanda kwanza: kiwanda cha nguo cha Jinja, kiyeyusho cha shaba, saruji ya Tororo. Mjini Kampala waya ulifuata barabara za lami na nyumba za wakubwa, ukafika hospitalini, katika ofisi na katika baadhi ya nyumba za watumishi. Nyumba ya udongo na mabati ilirukwa. Waya uliweza kupita juu ya paa lake na usishuke.

Nalo likazaa tatizo ambalo bado linaonekana mpaka leo. Nguzo zilipopandwa, chini yake palikuwa na migomba na nyasi. Mji ukakua. Kila mwenye laini kubwa huwa na haki ya ukanda wa ardhi chini yake, na kwa laini ya volti 132,000 ukanda huo ni wa mita 30 hivi, ambao haupaswi kujengwa. Lakini katika mji unaosongamana, ardhi isiyojengwa huonekana kama ardhi isiyo na mwenyewe. Huwekwa gereji, mnada wa nguo, kiwanja cha mpira, na sikukuu ikifika, bembea. Anayetafuta uwanja mpana, tambarare na wa bei nafuu katikati ya Kampala atauona mara nyingi pale pale ambapo mhandisi alikataza watu. Kwa hiyo si ajabu uwanja wa watoto ukaishia chini ya nyaya. Ni matokeo ya bei ya ardhi.

Sasa tuingie katika sura inayowahusu wanajeshi moja kwa moja. Mwezi Agosti 1972 serikali ya Idi Amin iliamuru Waasia waondoke nchini katika siku 90. Pamoja na wenye maduka waliondoka mafundi, wahasibu na wahandisi, na fedha za kigeni za kununulia vipuri zikakauka. Bwawa halikusimama, kwa sababu mashine iliyotengenezwa vizuri huvumilia uzembe kwa miaka mingi kabla ya kulipiza. Lakini matengenezo yaliahirishwa mwaka baada ya mwaka.

Kisha vita vikaja. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, likiwa pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, liliingia Kampala tarehe 10 na 11 Aprili 1979. Barabara ya kuelekea Jinja iliachwa wazi, na askari wengi wa Amin walikimbilia huko. Yafaa kukumbuka hali ya mahali pale. Wakati huo barabara kuu ya kutoka Kampala kwenda Jinja, na kutoka hapo hadi Kenya, ilipita juu ya bwawa lenyewe. Daraja jipya la Nile lilifunguliwa baadaye sana, mwezi Oktoba 2018. Kwa hiyo jengo moja lenye urefu wa mita 831 lilibeba vitu vitatu: njia ya majeshi, umeme wa Kampala, na sehemu ya umeme wa Kenya. Jeshi linalorudi nyuma hufundishwa kuvunja madaraja nyuma yake. Hofu ya kwamba Owen Falls ingelipuliwa ilikuwa hofu ya kijeshi yenye msingi.

Haikulipuliwa. Tarehe 22 Aprili 1979 majeshi yaliyokuwa yakisonga mbele yaliingia Jinja bila kukutana na upinzani mkubwa, yakalishika bwawa na daraja lake vikiwa vizima. Katika habari za vita, tukio hilo hupewa mistari michache kwa kuwa hapakuwa na mapigano makali ya kusimulia. Hata hivyo, kwa mwananchi aliyekuwa akikaa Nsambya au Katwe, huenda lilikuwa tukio kubwa kuliko mapigano mengi. Mji ambao maduka yake yalikuwa yamevunjwa na ofisi zake kuporwa ulibaki na kitu kimoja ambacho kisingeweza kujengwa upya kwa mwezi wala kwa mwaka. Askari waliopewa lindo pale juu ya bwawa, wakiyasikiliza maji usiku kucha, walikuwa wakizilinda chumba cha upasuaji cha hospitali za Kampala na mashine za maji za Ggaba, wajue wasijue.

Miaka ya 1980 haikuleta nafuu upesi. Mashine zilichoka, na umeme uliotoka ulikuwa pungufu sana ya ule uliokusudiwa. Baada ya mwaka 1986 yalifanyika matengenezo makubwa, kila mashine ikaongezwa nguvu kutoka megawati 15 hadi 18, na bwawa likaweza tena kutoa megawati 180. Liliitwa Nalubaale, na jirani yake kikajengwa kituo cha pili, Kiira, kilichoanza kazi mwaka 2000. Bodi ya zamani ikagawanywa mwaka 2001 kuwa makampuni matatu, la kuzalisha, la kusafirisha na la kusambaza. Tarehe 1 Machi 2005 usambazaji ukakabidhiwa kampuni ya Umeme kwa miaka 20.

Mwaka huo huo ziwa Viktoria lilishuka. Mvua zilikuwa haba na maji mengi yalikuwa yamepitishwa katika mitambo. Kampala ikaingia katika mgawo wa umeme wa 2005 na 2006, ambao wakazi wake hawajausahau. Mtaa mmoja uliwaka usiku huu, mwingine kesho. Jenereta za dizeli za megawati 50 zilikodishwa zikawekwa Lugogo, na bei ya umeme ikapanda. Mgawo huo ulilegea kabisa bwawa la Bujagali, lenye megawati 250, lilipozinduliwa mwaka 2012. Baadaye yakafuata Isimba mwaka 2019 na Karuma, lenye megawati 600, mwaka 2024.

Mgawo uliwafunza watu tabia mpya, na mojawapo ni ya hatari kuliko giza lenyewe. Kila mwenye hoteli, kanisa, baa au uwanja wa bembea alinunua jenereta. Anayeiunganisha jenereta kwa swichi ya kubadilishia, ambayo hutenga kabisa waya wa mtaani kabla ya kuingiza ule wa jenereta, hana kosa. Lakini wako wanaochomeka tu. Hapo umeme wa jenereta hurudi nyuma, hupanda katika transfoma ya mtaani, nayo transfoma haijui mbele wala nyuma: kama ilivyokuwa ikishusha volti 11,000 kuwa 240, ndivyo itakavyopandisha 240 kuwa 11,000. Fundi aliye juu ya nguzo kilomita moja kutoka hapo, ambaye ameambiwa laini imezimwa, huuawa na mashine ya kuzungushia farasi wa mbao. Jambo hili lazihusu kambi pia, maana jenereta ya kambi haina tofauti na ya baa.

Uhusiano wa viwanja vya burudani na umeme haukuanza Kampala. Huko Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, makampuni ya tramu za umeme yaligundua kwamba yana umeme na mabehewa ya kutosha wiki nzima, lakini abiria hupungua Jumapili. Yakajenga bustani za burudani mwisho wa njia zao ili watu wawe na pa kwenda. Bustani ya Kennywood karibu na Pittsburgh ilianzishwa na kampuni ya tramu mwaka 1898, na bado ipo. Kwa maneno mengine, bembea ilibuniwa kama mteja wa umeme. Huko Coney Island, New York, uwanja wa Luna Park ulifunguliwa mwaka 1903 ukijivunia taa 250,000, na mshindani wake Dreamland akafuata mwaka 1904 akitangaza taa milioni moja. Watu walitoa fedha ili kuona mwanga tu.

Dreamland haikudumu. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Mei 1911, mafundi walikuwa wakiziba uvujaji katika mchezo wa mashua kwa lami ya moto. Taa zilizokuwa zikiwamulikia zikapasuka na kuzimika, na katika giza la ghafla pipa la lami likamwagika. Majengo yalikuwa ya mbao na plasta. Kulipokucha, uwanja mzima ulikuwa majivu, na haukujengwa tena. Sikukuu ya Marekani ya mwisho wa Mei ilikuwa imekaribia. Laiti moto ungechelewa siku chache, ukatokea jioni ya umati, habari yake ingekuwa nyingine.

Karibu zaidi na kwetu upo mfano wa Unguja. Viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo, mjini Zanzibar, ndiko ambako vizazi vingi vya watoto wamesherehekea Idi. Kisiwa hicho kilikuwa kikipata umeme wake kutoka Bara kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980. Mwezi Mei 2008 umeme huo ulikatika kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na mwezi Desemba 2009 ukakatika tena, safari hii kwa miezi mitatu. Hoteli ziliwasha jenereta, nyumba zikarudi kwenye vibatari, na maji ya bomba yakapungua kwa kukosa pampu. Waya wa pili wa baharini ulianza kazi mwaka 2013. Wale wanaodhani kwamba kuufukia waya ni kuumaliza wasiwasi wake wautafakari mfano huo: waya uliofichwa haumwangukii mtu, lakini ukikatika hauonekani, na kuutengeneza huchukua muda mrefu.

Kwa hiyo Kampala imebaki na nguzo. Na katika nguzo, sehemu yenye hatari nyingi kwa raia si ile ndefu itokayo Jinja, yenye minara ya chuma na ulinzi wa mitambo. Ni zile mita 100 za mwisho, kutoka transfoma hadi kwenye bembea. Huko Jinja kuna wahandisi. Katika mita 100 za mwisho yupo fundi wa siku moja mwenye koleo na mkanda wa plastiki.

Mashine kubwa ya kuzungusha watu huhitaji umeme wa nyaya tatu. Waya mmoja ukikatika, mota hunguruma bila kuzunguka vizuri, hupata joto na kuungua. Fyuzi iliyowekwa kulinda mota ikikatika mara mbili jioni moja, fundi asiye na subira huweka kipande cha shaba mahali pake, na tangu dakika hiyo hakuna tena kinachomlinda mtoto aliyeshika chuma cha bembea. Waya wa kuushusha umeme ardhini, ambao kazi yake haionekani mpaka siku ya ajali, huachwa kwa sababu bembea huzunguka hata bila huo. Nyaya za kuunganishia hutandazwa juu ya nyasi. Mvua ya alasiri ya Kampala inajulikana.

Juu, gurudumu lenye viti hupimwa likiwa limesimama tupu. Halipimwi likiwa na kijana aliyenyoosha mkono, wala likiwa linasimamishwa na watu sita wenye mabomba ya chuma asubuhi ya sikukuu. Ajali za nyaya za juu zaweza kutokea wakati wa kusimamisha na kubomoa, si wakati wa mchezo tu. Hapo uwanja huwa hauna watazamaji, na mara nyingi hauna askari.

Askari huja jioni, kwa ajili ya wezi wa mifukoni na ugomvi wa walevi. Basi na tuseme waya unaanguka jioni hiyo. Jambo la kwanza ambalo askari anapaswa kulijua ni kwamba waya ulio chini ukiwa kimya hauna maana ya waya uliokufa. Juu ya murramu kavu, waya wa volti 11,000 unaweza kulala bila cheche, nayo swichi ya kituoni isijue kwamba umeanguka. Hata swichi ikikata, baadhi yake hujirudisha zenyewe baada ya sekunde chache.

La pili ni gumu zaidi, kwa kuwa linapingana na desturi ya kutawanya umati. Ardhi inayozunguka waya huo yenyewe huwa na umeme, mkali karibu na hafifu mbali. Mtu akipiga hatua ndefu, mguu wake mmoja huwa penye umeme mwingi na wa pili penye mchache, na tofauti hiyo hupita mwilini mwake kutoka mguu hadi mguu. Ndiyo sababu ng'ombe, mwenye miguu iliyo mbalimbali, hufa mahali ambapo mtu angepona. Umati unaokimbia ni umati wa hatua ndefu. Askari anayepuliza kipenga na kupiga kelele za kukimbiza watu waliokwisha kuwa karibu na waya huwazidishia hatari. Walio karibu huambiwa waondoke kwa kuburuta nyayo, miguu ikiwa imegusana, na walio mbali huzuiwa wasisogee, angalau mita 10 na zaidi pale penye maji. Anayeonekana ameshikwa na umeme hafuatwi kwa mkono, hata awe mtoto wa nani. Hili ni jambo zito kulitamka, na ni zito zaidi kulitii mbele ya mama anayelia. Lakini mara nyingi anayekimbilia kuokoa huwa maiti ya pili.

Ua wa chuma ni sura nyingine. Waya ukiangukia seng'enge ya uwanja, uzio wote huwa waya mmoja, nao unaweza kumuua mtu aliyeuegemea upande wa pili kabisa, ambaye hata hakuona kilichotokea. Askari wa lango aangalie uzio kabla ya kuangalia waya.

Tarehe 31 Machi 2025 mkataba wa Umeme ulikwisha, na kuanzia siku iliyofuata nguzo, nyaya na transfoma za usambazaji zikarudi mikononi mwa kampuni ya serikali, UEDCL. Zile nguzo za Nsambya zimekuwa za wakoloni, za Bodi, za kampuni ya kukodi, na sasa za umma tena, zikiwa zimesimama pale pale. Aliyebadilika ni yule wa kupigiwa simu. Kituo cha polisi ambacho ubaoni mwake bado imeandikwa nambari ya kampuni iliyoondoka kitapoteza dakika ambazo hazipo. Na simu ikipokelewa, swali la kwanza litakuwa ni mahali gani. Jibu la kwamba ni uwanja wenye bembea halimsaidii mtu aliye chumba cha swichi. Anachohitaji ni jina la transfoma au alama iliyopigwa kwenye nguzo iliyo karibu, nayo husomeka vizuri mchana, kabla ya taa za rangi kuwashwa, askari wa zamu anapouzunguka uwanja kwa mara ya kwanza.